Kulala kitandani muda mrefu: Wanachotufundisha wanaanga

Chupa ya dripu ikitundikwa kwenye stendi wodini, maji hushuka tone kwa tone mpaka kwenye mshipa wa mgonjwa. Hakuna umeme wala pampu. Kinachofanya kazi hapo ni mvutano wa dunia tu. Ipeleke dripu hiyohiyo kwenye chombo cha anga, haitashuka, kwa sababu kule hakuna juu wala chini. Itabidi isukumwe.

Wengi hudhani kwamba huko angani mvutano wa dunia umekwisha. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako satelaiti ya kwanza ya Kenya iliachiwa Mei 2018, huzunguka kwa umbali wa takriban kilomita 400 juu ya ardhi, pungufu ya safari ya basi kutoka Iringa hadi Dar es Salaam. Hapo mvutano bado upo kwa karibu asilimia 90. Ila kituo na watu waliomo wanaanguka pamoja muda wote, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba wanaikosa ardhi na kubaki wakiizunguka. Mtoto akiruka kutoka juu ya mti huionja hali hiyo kwa nusu sekunde: hakuna kinachombeba, hausikii uzito wake. Wanaanga huishi hivyo kwa miezi sita.

Mambo mengi hubadilika. Mwali wa moto huwa wa duara, kwa sababu hewa ya moto haipandi. Mapovu ya soda hayapandi juu. Mzizi wa mche, ambao shambani hujua upande wa chini kwa msaada wa chembe nzito za wanga zilizo ndani yake, hupotewa na njia. Lakini kinachotuhusu zaidi sisi wa ukurasa huu ni mwili wa binadamu.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na kazi hiyo haikomi. Kinachoamua nani ashinde ni mzigo. Ukisimama, ukatembea, ukapanda mlima, mfupa hupata taarifa kwamba unahitajika. Uzito ukiondoka, wabomoaji hushinda. Wanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mifupa inayobeba mwili, hasa nyonga, kwa mwezi mmoja. Mzee hapa duniani hupoteza kiasi kinachokaribia hicho kwa mwaka mzima. Kalsiamu iliyobomolewa hutoka na mkojo, ndiyo maana wanaanga wamo kwenye hatari ya kupata mawe kwenye figo.

Misuli nayo hunywea, hasa ya mapaja na ndama za miguu. Damu na maji ya mwili hupanda kifuani na usoni; uso huvimba, miguu huwa myembamba. Mwili ukiona maji yamejaa juu, huyapunguza. Wakirudi nyumbani na kusimama, damu hushuka miguuni na wengine huona kizunguzungu au kuzimia.

Mwaka 1970 wanaanga wawili wa Kisovieti walikaa siku 18 katika chombo cha Soyuz 9, na waliporudi walishindwa kutembea vizuri. Baadaye daktari Valeri Polyakov wa Urusi alikaa angani siku 437, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, na alipotua alitembea mwenyewe hatua chache hadi kwenye kiti. Tofauti kubwa ilikuwa mazoezi. Siku hizi kila mwanaanga hutengewa takriban saa mbili kwa siku kwa ajili ya mazoezi, amefungwa mikanda ili mashine zimpe mzigo ambao dunia haimpi.

Sasa, watafiti wakitaka kuchunguza hayo bila kurusha roketi hufanya nini? Huwalaza watu kitandani. Mwaka 2019, huko Cologne, Ujerumani, watu wenye afya njema walijitolea kulala siku 60, vichwa vikiwa chini kidogo kuliko miguu. Hata kuoga walioga wamelala. Kwa mwili, kitanda na anga ni karibu kitu kimoja.

Jaribio maarufu zaidi lilifanyika Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana watano wa umri wa miaka 20 walilazwa wiki tatu. Miaka 30 baadaye walipimwa tena, na ikaonekana kwamba zile wiki tatu zilikuwa zimeudhoofisha uwezo wao wa kufanya kazi ngumu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kwa wazee hali ni mbaya zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wasio na ugonjwa kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu.

Bibi akivunjika nyonga

Chukua bibi wa Kalenga ambaye maisha yake yote ameshuka kinyunguni na kupanda tena na kichwa kizito cha mboga. Mifupa yake imejengwa na vile vilima. Siku moja anateleza uani, nyonga inavunjika. Hospitali wanashauri upasuaji. Ndugu wanaogopa: bibi mzee hivi apasuliwe? Wanamrudisha nyumbani, wanamlaza, wajukuu wanamlisha na kumwogesha kitandani. Akitaka kujiinua wanamwambia, "Bibi, tulia, pumzika."

Ni upendo mtupu, lakini mimi nasema ni upendo unaomuua. Upasuaji wa nyonga haufanywi kwa ajili ya mfupa tu. Lengo ni bibi akae na asimame mapema, mara nyingi kesho yake, kabla kitanda hakijamnyang'anya miguu. Anayelala miezi hukabiliwa na vidonda vya mgongoni na makalioni, nimonia, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Wengi hufa kwa hayo, si kwa kuvunjika.

Mgonjwa wa kiharusi naye asiachwe amelala tu. Muulizeni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia: aanze lini kukaa, asimame lini, na nani amshike. Kama hawezi kabisa, ageuzwe kila baada ya saa mbili na viungo vyake vinyooshwe taratibu. Mara ya kwanza kuamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, dakika chache. Kizunguzungu kikipita ndipo asimame. Tahadhari moja: aliyeumia uti wa mgongo, au ambaye mfupa wake haujatulizwa, asiinuliwe kabla daktari hajaruhusu.

Kwa wazazi, mtoto aliyefungwa plasta ngumu mguuni achezeshe vidole kila siku, na viungo vilivyo nje ya plasta vifanye kazi. Ikitolewa na mguu ukaonekana mwembamba, msishtuke. Utajaa akianza kuutumia. Wenye mzigo mrefu zaidi ni wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kusimama ana mifupa iliyokaa kama ya mwanaanga asiyerudi, na inaweza kuvunjika hata akivalishwa suruali. Fremu ya kusimamia, yenye mikanda kifuani na magotini, fundi seremala anaweza kuitengeneza kwa vipimo vya fiziotherapia.

Na mgonjwa yeyote aliyelala siku nyingi, mguu wake mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa pumzi ghafla na kuchomwa kifuani, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.