Mama wa Miaka 48 na Kamera Yake

Mara ngapi tumefika msibani tukakuta picha ya marehemu iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho? Uso umekaza, macho yana woga, wala hafanani na mama yule tuliyemjua. Watoto wametafuta nyumba nzima wasipate nyingine. Picha za arusi za watu zipo, za ubatizo wa wajukuu zipo, lakini mama mwenyewe hayumo. Tukiulizana sababu, jibu ni lile lile: kupiga picha nzuri ni kazi ya fundi, sisi hatukusomea.

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia akina mama wenzetu habari za mwanamke mmoja ambaye naye hakusomea.

ZAWADI YA BINTI

Julia Margaret Cameron alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Aliolewa mwaka 1838, akajaliwa watoto sita, na akalea pia yatima wa ukoo wake. Mwishoni mwa mwaka 1863 alikuwa akiishi Freshwater, katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Watoto walikuwa wamekua na nyumba imekuwa kimya. Binti yake na mkwewe wakamletea kamera ya mbao ili imliwaze katika upweke. Alikuwa na miaka 48.

Mama huyu aliwaondoa kuku bandani, banda likawa studio. Stoo ya makaa ya mawe ikawa chumba cha giza. Picha yake ya kwanza alimpiga mkulima wa pale kijijini. Halafu, kwa kutojua, akapitisha mkono juu ya kioo upande wenye dawa, akaifuta picha yote! Ni nani kati yetu ambaye chapati yake ya kwanza haikuungua?

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Alipaka kioo dawa yenye kunata, akakichovya katika maji ya nitreti ya fedha, akakitia ndani ya kamera kingali kimelowa, kisha akaisafisha picha kabla kioo hakijakauka. Sisi wauguzi dawa hiyo tunaifahamu, maana zamani ilitiwa machoni mwa watoto wachanga kuzuia maambukizo, na ikigusa ngozi huacha weusi. Mikono ya Mama Cameron ilikuwa na madoa, na vitambaa vyake vya meza pia.

MTOTO ANNIE

Januari 1864 alimkalisha msichana mdogo aitwaye Annie, amevaa koti lenye vifungo, akamsihi atulie. Safari hii picha ikatoka. Kwa furaha mama yule alizunguka nyumba nzima akimtafutia mtoto zawadi, kana kwamba Annie ndiye aliyeifanya kazi yote. Siku hiyo hiyo aliitia picha kwenye fremu akampa baba wa mtoto. Picha hiyo aliiita mafanikio yake ya kwanza.

Mafundi wengine walimcheka kwamba picha zake zina ukungu. Yeye alieleza kwamba alipokuwa akirekebisha lenzi na kuona uso umependeza machoni pake, aliishia hapo hapo, hakuendelea kukaza ili kila unywele uonekane. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, London, lilinunua picha zake, na hadi leo zimehifadhiwa huko.

PICHA ILIYOBAKI

Mwaka 1867 alimpiga picha mpwa wake, Julia Jackson, aliyekuwa na miaka 21. Katika picha moja mwanga unatoka upande mmoja tu, nusu ya uso inang'aa na nusu imo gizani. Hakuna pambo lolote. Ni uso na macho, basi.

Mpwa huyo aliolewa, akazaa, akafariki mwaka 1895. Mmoja wa watoto aliowaacha alikuwa msichana wa miaka 13, Virginia, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri Virginia Woolf. Mwaka 1926 yeye na mwenzake walitoa kitabu cha picha za Mama Cameron. Mama alikuwa amekwisha kwenda, lakini uso wake ulikuwapo, kama alivyotazamwa na mtu aliyempenda.

TUFANYE NINI SISI?

Leo wengi wetu tuna kamera ndani ya simu, wala hatuhitaji kuchafua vitambaa vya meza. Lakini mengi aliyoyafanya mama huyu yanatufaa:

1. Mkalishe mtu karibu na dirisha au mlango, mwanga umfikie kwa upande. Zima flashi.

2. Sogea. Uso ujaze picha, usipiga kabati na televisheni.

3. Nyuma yake pawe patupu. Khanga nyeusi au shuka la rangi moja likitundikwa latosha.

4. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Simu ya jikoni haikosi mafuta.

5. Usiharakishe. Ongea naye mpaka asahau kwamba anapigwa picha. Watu wa Mama Cameron walikaa dakika kadhaa bila kutikisika, sisi tunashindwaje kungoja kidogo?

6. Iliyo nzuri isafishwe kwenye karatasi, na nyuma iandikwe jina na tarehe. Simu huibwa, na huanguka majini.

Na la mwisho, ndugu zetu, ukimaliza kuwapiga wote wa nyumbani, mpe mwanao simu akupige na wewe. Usikimbilie kwanza kubadili nguo. Kaa pale pale dirishani na mchele wako kwenye ungo. Hivyo ndivyo wanavyokujua, na hivyo ndivyo watakavyotaka kukukumbuka.