Fahamu: Kwa nini dawa ya magugu huteleza kwenye jani

Mkulima wa ngano Njoro au Mau Narok hupuliza dawa, na baada ya wiki mbili gugu la sangari bado limesimama. Huenda tatizo ni tone. Jani lina nta. Maji hujikunja juu yake kama shanga, kisha hudondoka. Kiongezi, ambacho wengi dukani huita stika, hulegeza tone likatandaa na kushika.

Maji nayo yana ujanja wake. Yakiwa na kalsiamu nyingi, hunasa dawa ya glaifosati kabla haijafika kwenye gugu. Ndiyo maana salfeti ya amonia hutiwa tangini kwanza, dawa baadaye. Sabuni ya kufulia badala ya stika? Hapana, inatoa povu. Soma kibandiko: dawa nyingine huja na kiongezi tayari.