Sukari ya Birika Moja

Alfajiri, mitumbwi inapofika mwaloni Ggaba, kusini mwa jiji la Kampala, wauza chai huwa wamekwisha kuwasha moto. Mvuvi aliyekesha ziwani hunywa kikombe chenye vijiko vinne vya sukari pamoja na mandazi mawili. Mama anayengojea sato na sangara wa kupeleka sokoni hunywa chai ya birika lilo hilo. Sukari ni moja, lakini kazi inayofanya katika miili yao si moja.

Mtu akiota kitambi, watu hulaumu mafuta ya kupikia. Si ajabu, kwani hata waganga wa Kampala walitazama mafuta kwanza. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walionyesha kuwa Waafrika wa Uganda walikuwa na kolesteroli kidogo katika damu kuliko Waasia, wakalihusisha jambo hilo na chakula, hasa mafuta. Sukari, iliyokuwa ikitengenezwa Lugazi tangu miaka ya 1920, haikushukiwa sana siku zile.

Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi husambaa mwilini, ikatumiwa na ubongo na misuli. Fruktosi iliyo nyingi huenda ininI hasa, na huko haina kizuizi kama kile kinachoisimamisha glukosi ini linaposhiba. Ini huigeuza kuwa mafuta yaitwayo trigliseridi. Mengine huyatoa katika damu, mengine yakabaki ndani yake. Ndiyo maana mtu aweza kula samaki wa kuchoma na ndizi za kuchemsha, na bado damu yake ikajaa mafuta kwa ajili ya chai na soda.

Katika miaka ya 1960, Ian Macdonald wa Hospitali ya Guy's mjini London aliwalisha watu sukari na wanga, kisha akapima damu zao. Kwa wanaume, sukari ilipandisha trigliseridi. Kwa wanawake vijana haikupandisha. Lakini wanawake waliokwisha kukoma hedhi walifanana na wanaume.

Inaaminika kuwa homoni ya kike, estrojeni, ina sehemu kubwa katika kinga hiyo. Mwili wa mwanamke kijana huyaondoa mafuta katika damu upesi zaidi, na akiba yake huiweka zaidi nyongani na mapajani. Ya mwanamume hukaa zaidi tumboni, mahali panaposumbua moyo na ini. Hii haina maana kwamba binti ana ruhusa ya kunywa apendavyo: meno huoza vilevile, na unene na kisukari havichagui.

Mwenye hatari ya kujidanganya ni mama wa makamo. Amekunywa chai tamu tangu usichana bila kudhurika, akaamini kuwa mwili wake umeizoea. Afikapo miaka 50 hivi estrojeni hupungua, ilhali vijiko ni vilevile. Naye mvuvi hujitetea kwamba kazi yake ni ngumu. Utetezi huo ulikuwa na nguvu zaidi zama za makasia kuliko sasa ambapo injini ndiyo inayosukuma mitumbwi mingi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima; vijiko 6 ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya mwaloni vimekwisha kufika 12, na chupa ya soda ya mililita 300 huongeza kama vinane.

Sukari ikitiwa birikani, mnywaji hana hesabu. Nyumbani yafaa iwekwe kando katika kibakuli, kila mmoja ajitilie mwenyewe, na kijiko kipunguzwe nusu kila juma. Tangawizi ikitwangwa na kuchemshwa pamoja na majani, upungufu hautasikika sana mdomoni.