Marekani: mjusi anayeogelea ndani ya mchanga, na sababu gani anapungua

Kuko mjusi mmoja ambaye dunia nzima anapatikana sehemu moja tu: bonde la Coachella, jimbo la California, inchi ya Marekani. Wataalamu wanamuita Uma inornata. Ukiacha mkia, hapiti sana sentimetre 12, na rangi yake inafanana na mchanga anamoishi.

Anaishi namna gani kwenye jangwa ambako kiangazi joto linapita digri 45? Vidole vyake vya nyuma viko na magamba marefu kama meno ya kichanuo, ndiyo maana anakimbia juu ya mchanga laini bila kuzama. Jua likizidi ao nyoka akimfuata, anaingiza kichwa na kupotea chini. Pua inajifunga, masikio yanafunikwa, mchanga hauingii. Chakula chake ni wadudu, maua na majani.

Shida ni kwamba ule mchanga hautoki palepale. Mvua kubwa inaporomosha mawe na udongo milimani, mito inateremsha mpaka bondeni, kisha upepo mkali unachukua chembe ndogo na kuzisukuma mbali. Upepo huohuo unaondoa mchanga wa zamani. Mpya usipofika, unaobaki unakuwa mgumu, majani yanaota, na mjusi hawezi tena kujificha.

Lakini miji kama Palm Springs na Indio imepanuka: nyumba, hoteli, barabara, viwanja vya golf. Watu walipanda pia miti ya kuzuia upepo. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa mbali na mjusi inaweza kumuua bila kumgusa, juu ya kufunga njia ya upepo.

Mwaka wa 1980 leta ilimuweka mjusi huyu chini ya ulinzi wa sheria. Mwaka wa 1986 kukawa mapatano: wajenzi waendelee kujenga, lakini walipe ada, na pesa isaidie kununua ardhi ya hifadhi. Yalikuwa kati ya mapatano ya kwanza ya aina hiyo katika inchi ile. Wajenzi walipata ruhusa, mjusi akapata sehemu yake.

Hata hivyo, kuzungushia hifadhi mipaka hakutoshi. Miaka ya ukame chakula kinapungua na mijusi pia inapungua. Na kama njia ya mchanga kutoka milimani itafungwa, hifadhi itabaki, lakini mwenye nyumba atakuwa ameisha.