Koti la twidi: anza kutazama mabegani

Mtu akivaa koti jipya mbele ya kioo, mkono wake hukimbilia kifungo. Hufunga, huvuta tumbo ndani, hugeuka upande. Kumbe kiuno ndicho rahisi kuliko vyote kurekebisha: fundi hufumua mishono ya ubavuni, akashona upya, basi. Panapoamua kama koti ni lako ni mabegani na kwenye kola, na hapo ndipo wateja wengi wa vilima vya Gishubi, mkoani Gitega nchini Burundi, wasipotazama.

Twidi wanaifahamu hata wasiolijua jina lake. Ni kile kitambaa kizito cha sufu, chenye nyuzi za rangi zilizochanganyika na kinachowasha shingo, kinachofika sokoni kutoka Ulaya ndani ya marobota ya mitumba. (Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marobota yanaendelea kuja.) Sehemu kubwa ya Gitega iko juu ya mita 1,500, na asubuhi za Juni na Julai koti la namna hii si pambo la harusi tu.

Ukishonesha jipya, au ukikatiwa upya kubwa la mtumba, shida huanzia kwenye futi. Futi itasema kifua ni sentimita 98. Haisemi mwenye kifua anasimamaje. Aliyeshika jembe tangu utotoni mara nyingi mgongo wake umeinama kidogo, mabega yamekuja mbele, na bega moja limeshuka. Ndiyo maana koti hujaribiwa likiwa bado limepigwa bandi, kabla ya bitana na kabla ya mikono kushonwa kabisa. Fundi anayeijua kazi atakuambia: "Mzee, usijikaze. Simama kama unavyosimama siku zote."

Kisha asome mikunjo. Kola ikiachana na shingo huku pindo la nyuma likipanda, mgongo wa koti ni mfupi kwa mtu aliyeinama. Mshono wa bega ufumuliwe, kitambaa cha nyuma kiachiwe kishuke. Mkunjo ukilala chini ya kola, bega hadi bega, mabega ya mteja yameinuka kuliko ya koti. Mikunjo ya mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani, upande mmoja tu, ni dalili ya bega lililoshuka. Hapo mimi huona heri kuongeza pedi upande huo kuliko kukata, maana kilichokatwa hakirudi. Kifungo kikivuta mikunjo pande zote, kiuno kinabana, na kumbuka ndani kutakaa sweta.

Mkono uachwe uning'inie wenyewe. Ukijikunja mbele au nyuma, haukuwekwa kufuata mkono wa mteja unavyoning'inia: ufumuliwe, uzungushwe kama sentimita moja. Kwenye twidi ya miraba, mistari ya mkono huenda isikutane tena na ya kifuani. Bora mistari iachane, mkono utulie.

Twidi ina huruma zake. Uso wake wa kukwaruza huficha matundu ya mshono wa zamani, na sufu ikifunikwa kitambaa kibichi na kukandamizwa kwa pasi ya mkaa hunywea, hivyo ulegevu mdogo begani unaweza kuondoka bila mkasi. Ila kingo zake hufumuka upesi. Mwombe fundi akuachie sentimita 3 ndani ya mishono ya ubavuni na mgongoni, na umwombe kabla hajakata, kwa kuwa wengi hukata karibu ili kuokoa kitambaa.

Kilichobaki ni bega lililopita mwisho wa mfupa. Kulipunguza ni kutoa mkono, kuchonga upya tundu la kwapa, kisha kuurekebisha mkono wenyewe ulingane na tundu jipya. Na mifuko ya kifuani iliyokwisha kushonwa itabaki ikionekana imesogea kwapani. Kwa hiyo mtumba huchaguliwa kwa bega. Tumbo likiwa pana litapunguzwa; bega likiwa pana, mrudishie muuzaji.