Maneno ya Mwuzaji, Sahihi ya Mnunuzi

Wako ndugu zetu wengi waliohamia Marekani kutafuta kazi na elimu, wengine kutoka hapa kwetu, wengine kutoka Kenya, na wengine wengi kutoka Kongo ambao walipokewa huko kama wakimbizi. Hufanya kazi za usiku katika maghala na mahospitali, hurudi nyumbani alfajiri, na baadhi yao hukaa katika mitaa ambayo kuvunjiwa mlango si habari ngeni. Haistaajabishi basi kwamba mara kwa mara mmoja wao huamua kununua bastola. Hatuandiki leo ili kumwambia anunue au asinunue. Twaandika juu ya mtu ambaye hana budi kukutana naye siku hiyo, yaani yule asimamaye nyuma ya meza ya kioo katika duka la bunduki, na juu ya mashauri yake.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili lahitaji maelezo kidogo. Hapa kwetu mtu haanzi safari yake dukani. Huomba leseni kwanza, na maombi yake hupita kwa viongozi wa mahali akaapo na kwa polisi. Katika majimbo mengi ya Marekani sivyo. Mtu huingia dukani asubuhi, hujaza fomu, duka huuliza serikalini kama ana kosa linalomzuia, na jibu likiwa jema hutoka na silaha yake siku hiyo hiyo. Katikati ya kuingia na kutoka hapana kiongozi wa mtaa, hapana askari, hapana mwalimu. Yupo mwuzaji peke yake. Ndiyo sababu maneno yake huwa na uzito kupita kiasi yanachostahili.

Wako wanaodhani kwamba mwuzaji huyo lazima awe mjuzi, maana duka lake lina leseni ya Serikali ya Shirikisho iliyotundikwa ukutani. La hasha. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1968 yamtaka kila afanyaye biashara ya bunduki awe na leseni. Lakini leseni hiyo hutazama umri wa mwombaji, rekodi yake ya makosa, mahali pa biashara na uwekaji wa vitabu vya mauzo. Ada yake ni dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza. Hakuna mtihani wa ufundi wa bunduki, wala wa sheria ya kujilinda, wala wa kufundisha watu. Tena leseni ni ya mwenye duka. Kijana anayekuhudumia huenda mwezi uliopita alikuwa akiuza ndoana na mishipi ya samaki katika upande wa pili wa duka hilo hilo.

Hatusemi kwamba wauzaji wote ni waongo. Wako askari wastaafu na wawindaji wa miaka mingi ambao hueleza kwa subira na kwa haki. Taabu ni kwamba mgeni hawezi kumtambua huyu na yule, kwa sababu wote wawili husema kwa sauti moja ya uhakika. Na mwamba ngoma huvutia kwake: mwuzaji anataka kupunguza mali iliyokaa rafuni, na maduka mengi hayapokei tena bunduki iliyokwisha uzwa.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida kabisa. Mama mmoja, muuguzi wa zamu ya usiku, aingia dukani na kusema kwamba hajapata kushika bastola. Mara nyingi mwuzaji atanyoosha mkono kwenye bastola ndogo ya gurudumu lenye risasi tano, nyepesi, yenye uzito chini ya nusu kilo, na kusema: “Hii ndiyo ya akina mama.” (Baadhi zimetiwa hata mpini wa rangi ya waridi, kana kwamba rangi hupunguza kishindo.) Maneno hayo huonekana ya busara mpaka mtu ayapime. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Na kadiri bastola ilivyo nyepesi ndivyo inavyoupiga mkono kwa ukali zaidi. Kifyatulio chake nacho ni kizito, huhitaji nguvu ya kama kilo tano kukivuta, yaani mara kumi ya uzito wa bastola yenyewe, na mkono ukijikaza kiasi hicho shabaha hupotea. Mtutu ni mfupi na alama za kulengea ni ndogo. Kwa ufupi, mwanafunzi wa siku ya kwanza amepewa chombo ambacho hata walimu hukiona kigumu. Atapiga risasi kumi, kiganja kitamwuma, ataifungia bastola katika mtoto wa meza, na hatajifunza tena. Angepewa bastola kubwa kidogo na nzito kidogo angejifunza kwa urahisi zaidi.

Mwingine huambiwa anunue bunduki ya marisau, kwa kuwa “hii haina haja ya kulenga, elekeza tu.” Ni uongo unaoweza kupimwa kwa karatasi na rula. Marisau hutawanyika kama inchi moja kwa kila yadi ambayo yamekwenda. Ndani ya chumba cha kulala, kwa umbali wa hatua tano, kundi lote ni kadiri ya kiganja cha mkono. Asiyelenga atakosa, na kile alichokosa kitaendelea mpaka ukutani, na pengine mpaka chumba cha watoto.

Liko na lile la tatu, ambalo ndilo lipendwalo kuliko yote: kwamba risasi fulani ni kubwa hata humrusha mtu nyuma kama mlango uliopigwa na tufani. Ingekuwa hivyo, na mpigaji naye angerushwa, kwa maana msukumo unaokwenda mbele haupiti ule unaorudi begani mwake. Tarehe 11 Aprili 1986 makachero wa FBI walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki mjini Miami. Mmoja wa wanyang'anyi alipigwa mapema risasi iliyosimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Makachero wawili waliuawa siku hiyo na wengine watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo FBI waliacha hadithi za kuangusha, wakaanza kupima jinsi risasi inavyopenya, wakaweka kipimo kisichopungua inchi 12. Miaka mingi imepita, na hadithi zile zingali zikisimuliwa madukani.

Makosa hayo ya ufundi huumiza mkono au hukosesha shabaha. Yako makosa ya sheria, nayo huharibu maisha ya mtu bila hata risasi moja kupigwa.

Mwezi wa Novemba 2009 mtu mmoja wa Virginia, aliyepata kuwa askari polisi, alikubali kumnunulia bastola mjomba wake aliyekaa Pennsylvania, kwa sababu yeye angeweza kuipata kwa bei nafuu wapewayo polisi. Mjomba alimpelekea hundi ya dola 400. Wote wawili walikuwa watu safi mbele ya sheria, wala hakuna aliyekatazwa kumiliki silaha. Tena hawakufanya mambo gizani: kabla ya kununua, shauri hilo lilizungumzwa na wauzaji watatu wenye leseni ili lifanyike kwa halali, na ikaonekana kwamba mpwa anunue, kisha bastola ikabidhiwe kwa mjomba kupitia duka lenye leseni huko Pennsylvania. Ndivyo ilivyofanyika. Lakini fomu namba 4473, ambayo kila mnunuzi hujaza dukani, yauliza kama ajazaye ndiye mnunuzi halisi. Mpwa alijibu kwamba ndiye, hali fedha ilikuwa ya mjomba. Akashtakiwa kwa kusema uongo katika jambo hilo, akahukumiwa kukaa miaka mitano chini ya uangalizi wa mahakama, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikathibitisha hatia yake. Sahihi iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa yake, si ya wale watatu.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu latugusa sisi kuliko wengine. Kwetu, mjomba akikuagiza, huulizi swali. Ni heshima kutumwa. Zawadi ya kweli, inunuliwayo kwa fedha ya mtoaji, ni jambo jingine, na fomu yenyewe yaeleza tofauti hiyo katika maagizo yake. Lakini asitegemee mtu kwamba atakumbushwa na mwuzaji. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa watafiti waliopiga simu katika maduka ya miji 20 iliyo mikubwa kuliko yote Marekani. Mpigaji alipoeleza kwamba anataka bastola kwa ajili ya mpenzi wake ambaye “anaihitaji,” zaidi ya nusu ya maduka yalikuwa tayari kuuza.

Vivyo hivyo katika habari ya viza. Mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kushika bunduki au risasi, ila kwa vibali vichache kama leseni ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu hali yake ni nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya kijana wa Falme za Kiarabu aliyefukuzwa chuo huko Florida kwa alama mbaya, naye akashtakiwa baada ya kwenda kupiga shabaha kiwanjani. Mahakama ilisema upande wa mashtaka hauna budi kuonyesha kwamba mtu alijua hali yake ya ukaazi. Hiyo ni faraja ndogo kwa mwanafunzi, kwani hatia ya bunduki yaweza kumrudisha mgeni kwao.

Afanyeje basi ndugu yetu? Amwulize mwuzaji bei, na kama risasi zapatikana, na kama vipuri vipo. Ufundi aende kuutafuta kwa mwalimu wa shabaha, katika viwanja ambako bastola hukodishwa. Akodishe tatu au nne, azipige, kisha mkono wake mwenyewe umwambie. Sheria aisome katika fomu na kwa mwanasheria. Na iko alama moja ya kumpima mwuzaji tangu dakika ya kwanza: mwuzaji mwema hampi mtu bunduki kabla ya kuifungua na kumwonyesha kwamba ni tupu, wala haelekezi mtutu kwa watu. Akimwona anapuuza hilo, aage na aondoke.

Limebaki la kuiweka nyumbani. Wako wauzaji wasemao, “Iweke chini ya mto, risasi ndani,” hata bila kuuliza kama nyumba ina watoto, au mtu mwenye huzuni. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Sanduku la kufuli ni bei ndogo, lakini ni wachache wanaolitaja kabla ya kutajiwa.

Hata hivyo katika jimbo la New Hampshire tumeona jambo jingine. Mwaka 2009, katika muda usiotimia juma moja, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja, na kila mmoja alijiua baada ya saa chache. Kutokana na msiba huo wenye maduka walikaa pamoja na watu wa afya, wakaandika maagizo kwa wauzaji: mtazame mteja asiyejua bunduki wala asiyetaka kujifunza, anayesema hataikaa nayo sana, anayetaka risasi chache tu, anayetaja kwamba juzi amepoteza kazi au ameachwa, na ukiwa na shaka, usiuze. Zikaandikwa na karatasi za kubandika dukani kwa ajili ya wateja na jamaa zao. Maduka yalipotembelewa baadaye, karibu nusu yalikutwa yamezitumia, na majimbo mengine yakaiga. Duka lililobandika karatasi hiyo ndilo ambalo twapenda ndugu yetu aanze kuingia.