Nyumba Iliyokuwa Shule

Mungu alipowatoa Waisraeli Misri, alijua kwamba siku moja watoto wangeuliza maana ya Pasaka. Katika Kutoka 12, jibu hakuachiwa kuhani peke yake. Liliwekwa kinywani mwa wazazi.

Marekani leo kuna wazazi weusi wanaofundisha watoto wao nyumbani badala ya kuwatuma shuleni. Wengine wanafanya hivyo ili watoto wajue imani yao pamoja na historia ya mababu zao waliokuwa watumwa. Kazi hiyo ina mizizi ya zamani.

Mwaka 1831 jimbo la Virginia lilitoa sheria ya kukataza mikutano ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Lakini katika mji wa Hampton, Mary Peake, mama Mkristo mweusi aliyezaliwa huru, alikuwa akishona nguo kwa riziki yake na kufundisha nyumbani kwa siri, watoto na wakubwa. Mwezi wa 8, 1861, wakati wa vita, mji ulichomwa na nyumba yake ikateketea. Mwezi uliofuata alianza tena, chini ya mti. Kifua kikuu kilipomlaza, alifundisha akiwa kitandani. Alifariki Februari 1862.

Habari hii inatuhusuje sisi Wakongo? Mwaka 1868 palepale Hampton ilianzishwa shule kubwa ya watu weusi, na mti ule ungali katika uwanja wake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa William Sheppard. Huyu akawa mchungaji wa Kipresbiteri, na mwaka 1891 alifika Luebo, Kasai. Mwaka 1899 alihesabu mikono 81 ya watu iliyokatwa, akatoa habari. Baadaye aliandika juu ya mateso ya wananchi katika kazi ya mpira, na kampuni ikamshtaki. Mwaka 1909 mahakama ya Léopoldville ilimwachilia.

Mama Peake hakuyaona hayo. Alipanda tu, nyumbani mwake.

Sisi je? Vita inapofunga mashule, twasema: tungoje walimu warudi. Nasi wachungaji tuna kosa letu: tunahubiri Kutoka mara nyingi, lakini watoto wetu wenyewe hawajasikia kwetu mababu walipitia nini katika nchi hii, wala Mungu aliwashikaje. Tukinyamaza, wengine watawaeleza watoto wetu wao ni nani, pengine kwa chuki.

Basi juma hili, baada ya sala ya jioni, kila mzazi asimulie habari moja ya jamaa yake. Asiyejua kusoma anaweza kusimulia pia. Mtoto anayejua kuandika aiandike katika kaye yake, amsomee mdogo wake. Hata kambini, hata bila taa, shule hiyo haifungwi.